Ni Vizuri Umeuliza Watu

Neno alilolisema Baba Jumapili limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na leo ni Ijumaa. Wiki hii nimehamishiwa idara nyingine kazini, na wifi yangu wa Mbeya amejifungua salama mtoto wa kike, lakini kila nikizima taa usiku ninarudi kwenye meza ile ya Morogoro, ramani ikiwa imetandazwa kati ya sinia la pilau na jagi la maji, na kidole cha Baba chenye ukucha uliopasuka kikifuata barabara ya Zambia bila kuigusa karatasi.

Safari ni ile ile niliyoitaja mwezi wa Mei. Agosti, Mungu akipenda, mimi, mume wangu na watoto tutaondoka Dar es Salaam kwa gari letu hadi Livingstone, kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvuka Tunduma. Kwa miezi miwili nimejaza daftari zima: bima ya kadi ya njano inayokubalika hata nje ya nchi, kibali cha kuingiza gari kwa muda, pembetatu mbili za tahadhari, vibandiko vya kuakisi mwanga, vyeupe mbele na vyekundu nyuma, na fedha za kwacha za kulipia vituo vya ushuru wa barabara. Nilipanga tulale Mbeya kwa kaka, kesho yake tuvuke mpaka na kulala Mpika, siku ya tatu Lusaka, halafu tumalizie kilomita zinazokaribia 480 zilizobaki. Niliyasoma hayo yote mezani kwa sauti, na nilikuwa na furaha.

Baba akauliza, "Mpika mtafika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu jioni, Baba, kwa saa za kule."

"Nani amekupangia hivyo?"

"Nimewauliza watu wanaoijua njia."

Akavua miwani, akaikunja taratibu, akaiweka juu ya ramani. "Ni vizuri umeuliza watu, mama," alisema, kisha akamwomba Mama maji ya kunawa.

Hakupandisha sauti, na kama angeipandisha ningepata la kujibu. Mwaka 1973 Baba alikuwa kijana wa miaka ishirini, utingo wa lori kwenye barabara hiyo hiyo. Mwaka huo mpaka wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ulifungwa, na mizigo mingi ya Zambia ikalazimika kupita bandari ya Dar es Salaam; reli ya TAZARA ilikuwa bado inajengwa, kwa hiyo malori yalipanda na bidhaa na kushuka na shaba. Sisi watoto tumekua tukilijua jambo hilo kama tunavyojua rangi ya mlango wa nyumba yetu, na pengine ndiyo sababu sikulikumbuka. Nimemuuliza fundi wangu, nimemuuliza mwenzangu wa kazini aliyewahi kupita huko mara moja tu, nimewauliza madereva nisiowajua wanaopumzika Mikumi. Mzee niliyekuwa nikimpelekea dawa kila mwisho wa mwezi sikumuuliza hata swali moja.

Jumatatu niliandika ujumbe wa kuomba radhi, nikaufuta. Jumatano niliandika mwingine, nao nikaufuta, kwa sababu kila nilipousoma niliona kwamba unamweleza Baba kuwa ameumia, na yeye hakusema kwamba ameumia.

Jana usiku simu ikalia, na ilikuwa yake.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama. Una kalamu?"

Aliongea kwa dakika arobaini, nami nikaandika. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, na mwezi wa Agosti jua la Mpika huzama kabla ya saa zao kufika kumi na mbili jioni, kwa hiyo saa niliyoiandika mimi ni ya giza. Akaniambia tulale Tunduma, tuwahi mpakani alfajiri kabla foleni haijakua. Akaniambia nikiona matawi mabichi yamelazwa barabarani nipunguze mwendo papo hapo, kwa maana mbele yake lipo lori lililoharibika, hata kama silioni. Kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, hadi Lusaka ni karibu kilomita 1,000, na hajui kama ile miti mirefu ya kandokando ya njia bado ipo.

Kisha akanifundisha salamu ya Kibemba. "Usipite tu na Kiswahili chako. Sema *mwapoleni, mukwai*. Hilo *mukwai* ni heshima, usiliache." Nikamuuliza alijifunza wapi. Akanyamaza kidogo, halafu akanisimulia kwamba waliwahi kuharibikiwa na gari mbele ya Mpika kwa siku tatu, na mama mmoja wa kijiji cha jirani akawa anawaletea ugali kila jioni, umefunikwa kwa bakuli la bati, na kila mara alisimama mbali mpaka wamalize, ili wasione haya kuumaliza ugali. Hakuwahi kutusimulia habari hiyo, na mimi nina miaka arobaini na moja.

Nilimwomba twende naye. Alisema magoti hayamruhusu, ila nimpigie simu tukifika Mpika, wakati jua bado lipo, nimweleze pakoje sasa. Ukurasa wa Mpika nimeuchana na kuuandika upya kwa maneno yake.

Wakati anaongea nilimsikia Mama akikohoa nyuma yake, mara mbili, halafu mara ya tatu kwa muda mrefu zaidi, kikohozi kile kile cha Aprili. Nilipouliza, Baba alisema ni vumbi la mchele anaouchambua. Ilikuwa saa nne usiku, na Mama hachambui mchele usiku.