Hilux ya mwaka 1996 na daftari langu la matengenezo

Mwezi Machi 2022 nilinunua pikapu aina ya Toyota Hilux ya mwaka 1996, yenye injini ya dizeli ya 3L ya sentimita za ujazo 2,779, kwa shilingi milioni 11, ili niteremshie iliki na mdalasini kutoka Amani, juu kwenye milima ya Usambara, na kupeleka machungwa ya Muheza hadi Tanga mjini. Kila shilingi niliyoitumia kwa fundi imeandikwa katika daftari linalokaa chini ya kiti cha dereva, na humo ndimo ninamotoa hesabu hizi, kwa kuwa kila mtu anayetaka gari la umri huo huniuliza bei ya kununulia na kusahau kuuliza linakula kiasi gani baada ya hapo.

Matatizo ya kawaida yalikuja mapema na sikuyashangaa. Klachi, yaani sahani, presha na beringi yake, ilinigharimu shilingi 290,000 pamoja na ufundi. Krosi za propela, yaani viungo vya shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, zilikuwa zikigonga kila nilipobadili gia, na bushi za springi za nyuma zilikuwa zimeliwa na miaka ya kubeba matenga kupita kiasi. Pampu ya dizeli ilikuwa ikivuja kidogo na kuingiza hewa, hata ikawa kila asubuhi sharti nifungue boneti na kupampu kwa mkono juu ya filta kabla ya kupiga stata. Kubadilisha sili zake kwa fundi wa pampu kulichukua shilingi 340,000.

Ukurasa unaoniuma ni wa Julai 2023. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umevimba, na nilijua, kwa sababu niliubonyeza kwa kidole ukabonyea kama embe bivu. Mpya ulikuwa shilingi 25,000. Msimu wa machungwa ulikuwa umepamba moto, nikasema nitaubadilisha wiki ijayo, na wiki hiyo hiyo ukapasuka kwenye mlima wa Amani. Mshale wa joto ulipanda nikiwa natazama kona, na nilipogundua, mvuke ulikuwa umeshajaa mbele ya kioo. Kisha nikafanya kosa la pili lililo baya kuliko la kwanza: nikachota maji ya baridi kijitoni nikayamimina katika injini iliyokuwa bado inawaka moto.

Siku tatu baadaye kijiti cha oili kilitoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa, yaani oili iliyochanganyika na maji. Fundi wangu, mzee asiyependa maneno mengi, alifungua silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini chenye valvu, akanionyesha ufa mwembamba kati ya valvu mbili. "Mwanangu, injini hii haikuchoka," alisema, "imechemshwa." Hedi mpya ilikuwa shilingi 1,350,000, gasketi 75,000, oili na filta 110,000, ufundi 250,000. Jumla ni shilingi 1,785,000, na mpira wenyewe bado nilipaswa kuununua.

Alipokuwa humo ndani aligundua pia kwamba thamostati, yaani kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, haikuwepo. Mafundi wengi huing'oa wakiamini kwamba wanaisaidia injini kupoa, lakini bila hiyo injini huchelewa kupata joto lake la kazi, hula dizeli zaidi na huchakaa upesi, nasi tukairudisha. Kwenye dashibodi kuna taa yenye maandishi T-BELT, ambayo huwaka gari linapotimiza kilomita 100,000 ili mkanda wa taimingi, ule unaozifungua valvu kwa wakati wake, ubadilishwe. Yangu haikuwahi kuwaka. Mtu fulani kabla yangu alikuwa ameitoa balbu, jambo lililomgharimu sifuri na ambalo lingenigharimu valvu zote kama mkanda ungekatika barabarani. Mkanda mpya ulikuwa shilingi 65,000.

Kuhusu spea, kwa mpira, sili na mkanda sinunui tena kitu cha bei ya chini. Kwa mlango, taa au hata difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, mtumba wa Gerezani au Ilala kule Dar es Salaam unatosha, mradi uende na fundi na kile cha zamani mkononi.

Sasa imebaki chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Gari hili liliishi miaka mingi karibu na bahari, na nilipoligonga kwa bisibisi nyuma ya kebini ya dereva, bisibisi ilizama katika kutu. Fundi wa kuchomelea ametaja shilingi 420,000 bila rangi, nimemlipa nusu, gari liko juu ya magogo tangu Jumatatu, na machungwa ya wiki hii yamekwenda Tanga kwa Canter ya kukodi.