Siku moja na mashine ya kupima risasi

Saa 1 asubuhi. Naipima mashine ya eksirei ya mkononi kwenye kibao chenye kiwango kinachojulikana cha risasi, si ya bunduki, bali metali yenye sumu iliyomo kwenye rangi za zamani. Ikidanganya hapa, siendi kokote.

Saa 2. Nyumba ya zamani, ina mtoto anayetambaa. Mama mwenye nyumba ananipeleka moja kwa moja kwenye ukuta wa sebule uliobabuka. Napima: hamna kitu. Nageukia dirisha, naye anashangaa, maana limepakwa rangi juzi tu. Mashine inasoma hadi tabaka za chini, na namba inapanda. Kila dirisha linapofunguliwa, mbao husuguana na rangi ya zamani husagika kuwa vumbi laini. Vumbi hutua kizingitini, mtoto hushika, vidole mdomoni. Nafuta kizingiti kwa kitambaa chenye unyevu, nakifunga kwa ajili ya maabara.

Saa 4. Nyumba ya pili, fundi rangi anapiga msasa mkavu, chumba kizima ukungu.

“Mwanangu, kazi hii naifanya tangu hujazaliwa.”

“Najua, mzee wangu. Ndiyo maana naihofia damu yako pia.”

Tunakubaliana: alowanishe kabla ya kukwangua, atandike nailoni, na asirudi kwa wajukuu na nguo za kazi. Kuchoma rangi kwa moto ndiyo kabisa asithubutu. Mvuke wake ni sumu.

Saa 6. Nanawa mikono na uso, ndipo nile.

Saa 8. Mabomba. Nachukua maji ya kwanza, yaliyolala usiku kucha kwenye viungo vya risasi. Familia ilishaambiwa isifungue bomba. Wanadhani kuchemsha kunatosha. Hakutoshi: risasi haiondoki kwa moto.

Saa 10. Ripoti. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama kinachojulikana, na mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza. Sheria ya mfano ya Umoja wa Mataifa inataka risasi kwenye rangi mpya isizidi sehemu 90 kwa milioni. Nzuri, ila inalinda kopo la dukani. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, na hadi leo wakaguzi wake bado wanaikuta kutani.

Kwa mama wa asubuhi naandika: dirisha libadilishwe kwanza, ukuta usubiri, na mtoto apimwe damu wiki hii.