Asilimia ya Kamisheni Iulize Mwisho

Mtu anayetafuta kazi ya kuuza bidhaa za kiwanda au za kampuni ya jumla karibu kila mara huanza na swali moja: "Kamisheni ni asilimia ngapi?" Akiambiwa 3 anakunja uso, akiambiwa 7 macho yanamng'aa. Hapo bado hajajua lolote. Asilimia 3 inaweza kulisha familia na asilimia 7 ikamwacha mtu na madeni, kwa sababu malipo ya afisa mauzo yanategemea zaidi asilimia hiyo inapigwa juu ya kitu gani, inalipwa lini, na gharama za njiani zinabebwa na nani.

Tuanze na bidhaa yenyewe, maana ndiyo inayotenganisha watu mapema kabisa. Ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani huwagawa wauzaji wa viwandani na wa jumla mafungu mawili: wanaouza bidhaa za kiufundi na kisayansi, na wanaouza bidhaa nyingine zote. Takwimu zake za Mei 2023, ambazo zinahesabu na kamisheni ndani yake, ziliweka mapato ya mtu wa katikati katika fungu la kwanza karibu dola 100,000 kwa mwaka. Katika fungu la pili zaidi kidogo ya dola 65,000. Anayeuza mashine za maabara au vipuri vya mitambo huzungumza na wahandisi, hujibu maswali ya vipimo, na oda moja inaweza kumchukua miezi 9 kuifunga. Kampuni haiwezi kumweka miezi yote hiyo bila mshahara, kwa hiyo mshahara wake wa msingi huwa mnene. Anayeuza sabuni au biskuti kwa maduka hufunga oda 20 kwa siku, faida ya kila katoni ni nyembamba, na mwingine wa kuziba nafasi yake hupatikana haraka. Hilo la mwisho halisemwi wazi kwenye usaili, lakini limo ndani ya mshahara.

Sasa tufike kwenye hesabu.

Kamisheni hupigwa juu ya mauzo au juu ya faida ghafi, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama ya bidhaa. Chukua bidhaa inayouzwa 100 na iliyoigharimu kampuni 80. Muuzaji wa kwanza analipwa asilimia 3 ya mauzo: anapata 3. Wa pili analipwa asilimia 15 ya faida ghafi, yaani 15 kwa 100 ya ile 20: naye anapata 3. Wako sawa, mpaka mteja aombe punguzo la asilimia 10. Bei ikishuka hadi 90, wa kwanza anapata 2.7, hasara asiyoihisi. Wa pili faida imebaki 10, kamisheni yake imekatika katikati: 1.5. Ndiyo maana wanaolipwa kwa mauzo hugawa punguzo kama pipi, na wanaolipwa kwa faida hung'ang'ania bei hadi mteja anachoka. Ukilipwa kwa faida, uliza gharama ya bidhaa inahesabiwaje. Kampuni nyingine huweka ndani yake usafiri, hifadhi ya ghala na hata bima, na faida "ghafi" unayoiona kwenye karatasi yako inakuwa imeshaliwa kabla haijakufikia.

Kisha kuna suala la lini. Kamisheni inaweza kuiva siku oda inaposainiwa, siku mzigo unapotoka ghalani, au siku mteja anapolipa. Tofauti hii haionekani kwenye barua ya ajira, inaonekana mfukoni. Tuseme umepata oda Januari, mzigo ukatoka Februari, mteja ana mkopo wa siku 60, akachelewa wiki mbili. Pesa imeingia Mei. Kamisheni inaingia na mshahara wa Juni. Kwa miezi mitano umeishi kwa mshahara wa msingi tu, na kama mteja hakulipa kabisa, kazi yako ya Januari imekwenda na maji. Kwa mashine kubwa zinazolipwa kwa awamu, tuseme asilimia 30 mwanzo, 60 mzigo ukifika, na 10 baada ya kufungwa na kujaribiwa, kamisheni nzuri hufuata awamu hizo hizo. Ile 10 ya mwisho ndiyo inayozua ugomvi: fundi akichelewa kufunga mashine, anayesubiri ni muuzaji, ingawa kosa si lake.

Hata kamisheni iliyokwisha kulipwa inaweza kurudi. Mzigo ukirejeshwa, au deni likifutwa, kampuni hukata kwenye malipo yako yajayo. Ni haki kwa kiasi. Isiyo haki ni pale makato yasipokuwa na ukomo wa muda, ukaja kukatwa mwaka huu kwa katoni zilizorudi za mwaka juzi. Miezi 3 hadi 6 inatosha, iombe iandikwe.

Tageti nayo ina mitego yake. Chukua mpango wa kawaida: tageti ya milioni 50 kwa mwezi, na ukiifikisha unapata 600,000 juu ya mshahara. Hiyo ni asilimia 1.2. Chini ya asilimia 80 ya tageti hupati kitu, kuanzia hapo mauzo yako yote hadi tageti yanalipwa hiyo 1.2, na kila kinachozidi tageti kinalipwa asilimia 1.8. Uza milioni 60, unapata 600,000 pamoja na 180,000 ya ziada. Uza milioni 40, unapata 480,000. Uza milioni 39.5, unapata sifuri. Yaani oda moja ya nusu milioni imebeba 480,000 mgongoni. Usishangae basi kuona tarehe 29 muuzaji amepiga kambi kwa mteja akimbembeleza achukue mzigo ambao hauhitaji. Stoo ya mteja inajaa, mwezi unaofuata haagizi kitu, au anarudisha nusu, na makato yale niliyoyataja yanaanza. Tatizo linalotengenezwa na mpango wenyewe hulaumiwa muuzaji.

Muda wa kupimia tageti una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwa mpango huo huo, uza milioni 30, kisha 70, kisha 50. Ukipimwa kila mwezi: wa kwanza sifuri, wa pili 960,000, wa tatu 600,000, jumla 1,560,000. Ukipimwa kwa robo mwaka umefikisha milioni 150 kamili na unalipwa 1,800,000. Mauzo ni yale yale. 240,000 imepotea kwenye kalenda. Kwa bidhaa za msimu, kama mbolea au vifaa vya shule, kupimwa kwa mwezi ni kuonewa, isipokuwa kama tageti yenyewe inapanda na kushuka kufuata msimu.

Eneo ni jambo ambalo hakuna juhudi inayolifidia. Njia yenye maduka 120 yaliyobanana na njia yenye maduka 40 yaliyotawanyika haziwezi kubeba tageti moja, ila makao makuu mara nyingi huchukua tageti ya mwaka jana, huongeza asilimia 15, na hugawa sawa. Kabla ya kusaini, ulizia mauzo ya eneo hilo kwa miezi 12 iliyopita, mteja mkubwa ana sehemu gani ya mauzo hayo, na aliyekuwepo kabla yako aliondoka kwa nini. Ulizia pia wateja wa makao makuu: wale walio ndani ya eneo lako lakini wanaagiza moja kwa moja ofisini na mauzo yao hayahesabiwi kwako. Kama mteja mmoja ana zaidi ya theluthi ya mauzo ya njia yako, kuhamishiwa kwake ofisini kutakurudisha mwanzo.

Advansi ya kamisheni, yaani kamisheni unayolipwa kabla hujaipata, inahitaji kusomwa polepole. Unapewa 500,000 kila mwezi huku mauzo yakijengeka. Tuseme kamisheni yako halisi ni 200,000, kisha 400,000, kisha 900,000. Kama advansi ni ya kurudishwa, miezi miwili ya kwanza inakuachia deni la 400,000, na mwezi wa tatu, wenye sherehe, unapokea 500,000 ile ile kwa sababu ziada yote imelipa deni. Kama si ya kurudishwa, unapokea 500,000, 500,000 na 900,000. Neno moja kwenye mkataba, tofauti ya 400,000. Na ya kurudishwa ina swali la ziada: ukiacha kazi ukiwa na deni, unadaiwa au linafutwa?

Wakala wa kujitegemea yuko upande mwingine kabisa. Hana mshahara, anabeba bidhaa za viwanda kadhaa visivyoshindana na kila kimoja kinamlipa kamisheni. Asilimia yake lazima iwe kubwa, kwa sababu mafuta, simu, sampuli, bima na siku za kuumwa ni zake. Linganisha: wakala wa asilimia 7 akiuza milioni 20 anapata 1,400,000, akitoa gharama za 600,000 anabaki na 800,000. Mwajiriwa wa asilimia 1.5 mwenye mshahara wa 600,000 na gari la kampuni, kwa mauzo hayo hayo, anapata 900,000. Kwenye milioni 40 mambo yanageuka: wakala, hata gharama zikipanda hadi 800,000, anabaki na 2,000,000, na mwajiriwa ana 1,200,000.

Hapo ndipo kiwanda huanza kuona kwamba wakala "anapata pesa nyingi sana" na kufikiria kumchukua mteja mwenyewe. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya pamoja ya mwaka 1986 kuhusu mawakala wa biashara imeliona hilo: wakala kwa kawaida ana haki ya malipo au fidia mkataba unapositishwa, ana haki ya taarifa ya kamisheni zake kila robo mwaka, na anaweza kudai dondoo za vitabu vya kampuni ili azihakiki. Kwingine mara nyingi ulinzi wako ni karatasi uliyoisaini. Kwa hiyo iandikwe notisi ya siku ngapi, na kamisheni ya oda zitakazoingia baada ya wewe kuondoka italipwa kwa muda gani. Kwa muuzaji wa mashine, iandikwe pia kama vipuri na oda za marudio zinahesabika kwake au oda ya kwanza tu. Mashine moja inaweza kuagiziwa vichujio na mikanda kwa miaka 10, na nimeona mikataba mingi ikikaa kimya kabisa hapo.

Jambo dogo la mwisho, la kila mwezi: tunza orodha yako ya namba za ankara, kiasi, tarehe ya kutoka mzigo na tarehe ya kulipwa. Taarifa ya kamisheni ikija, linganisha mstari kwa mstari. Makosa ya kawaida ni mteja aliyeandikwa chini ya namba ya muuzaji mwingine, na punguzo lililokatwa mara mbili, kwenye ankara na tena kwenye hesabu ya kamisheni. Yakionekana ndani ya mwezi yanarekebishwa kwa barua pepe moja. Yakikaa hadi vitabu vifungwe, mhasibu atakwambia uje mwaka kesho.