Nilivyoacha ubabe barabarani na hesabu ya siku bado naifikisha

Mimi ni boda hapa Mbeya, kijiwe chetu Kabwe, huu mwaka wa sita sijaangusha abiria na nalisema hilo kifua mbele. Nilipoanza, wakubwa wa kijiweni waliniambia "dogo, barabara hii ukiwa mpole huli", nikawaamini. Hiace ikitaka kutoka kituoni naiwahi, lori likiwasha indiketa napenya, honi mwanzo mwisho. Ule ushauri ulikuwa mbovu, bado unaniudhi mpaka leo.

Pale Mafiati semi ilikuwa inakata kushoto, nikaingia ubavuni nikijua kichwa kikishapita nimemaliza, kumbe tela huwa linakuja ndani kuliko kichwa, likanibana na ukingo. Abiria wangu akaruka, kioo na indiketa vikaenda, kama elfu arobaini hivi. Dereva hakuniona kabisa, na mimi kioo chake nilikuwa sikioni. Usipokiona kioo chake na yeye hakuoni, basi.

Nikaamua kuwa mstaarabu, na hapo nikakosea tena, vibaya zaidi. Soweto, kwenye zebra, mama mmoja ana ndoo ya maparachichi kichwani amesimama muda mrefu, nikamhurumia, nikafunga breki ghafla nikampungia mkono apite. Akaniamini. Akashuka barabarani huku ananishukuru, na bajaji ikatokea kulia kwangu inaniovateki kwa sababu yule dereva ameona tu boda imesimama hajui kwa nini. Nilipiga kelele "mama rudi!", akarudi hatua moja, ndoo ikamwagika, bajaji ikapita juu ya maparachichi. Na nyuma yangu boda mwenzangu akanigonga tairi. Nililipa yale maparachichi yote na mikono inatetemeka.

Siku hiyo ndo nilielewa kwamba upole wa ghafla unaua sawasawa na ubabe, watu wanatakiwa wajue unataka kufanya nini kabla hujafanya. Sasa hivi nikiona mtu kwenye zebra naangalia kioo kwanza, nagusa breki mara mbili tatu taa ya nyuma imwamshe anayenifuata, napunguza mapema, nasimama. Mkono sipungi tena! Avuke akiona mwenyewe pako salama, mimi siwezi kumsemea dereva wa bajaji.

Halafu umbali jamani. Ukiwa spidi sitini, sekunde moja tu umeshakula kama mita 17, na breki hujagusa. Unamganda mtu nyuma ili iweje? Mlima Nyoka pale malori yanashuka yamechemka breki, mimi nayaacha yapite yaende zake, na ukungu ukishuka Isyonje nawasha taa hata saa nne asubuhi.

Kuhusu hesabu ya siku, nilipima muda kwa simu wiki nzima, Uyole mpaka Kabwe, leo kwa fujo kesho kwa utaratibu. Tofauti dakika tatu, nne. Mafuta ninayotumia yalipungua, breki shuu zinadumu, na akina mama wa sokoni wananipigia mimi.

Juzi yule mkubwa aliyeniambia mpole hali alikuja na mkewe, mimba ya miezi nane, anaenda kliniki. Pikipiki zipo sita pale. Akanishika bega, "Mdogo wangu, mpeleke wewe."