Diski imechoka, si laptopu

"Dada, hii diski ndiyo imechoka, laptopu bado," aliniambia fundi wa hapa Mwanga, Kigoma, baada ya kuifungua. Ndiyo maana ilikuwa ikichelewa kuwaka mpaka chai inapoa! Dawa yake ni SSD, diski ya kisasa isiyo na kinachozunguka ndani, na kuibadilisha ni kazi ya bisibisi. Kioo kizima, kibodi nzima. Bodi kuu ya ndani ingeungua, ningeiacha hapohapo mezani kwake. Kinachoniumiza kichwa ni Windows 10: Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yangu ya Intel kizazi cha 6 haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Shemeji anasema ninunue mpya. Kwa hela ipi, na ada za Januari hizo? Naweka SSD, kisha Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows.