Saa sita mbili

Karafuu zikianza kukomaa huku kwetu Mtambile, Pemba, nyumba nzima hubadilisha saa zake. Wachumaji huingia shambani mapema asubuhi, jioni hurudi na mapolo, wakapimiwa pishi zao, na hapo ndipo kazi ya pili inapoanza: kuchambua. Kila karafuu inatolewa kwenye konyo lake kwa vidole. Na haingoji, maana karafuu mbichi ikirundikwa hupata joto yenyewe ikachacha, na ikikauka inatoka nyeupenyeupe, haina daraja. Kwa hiyo tangu enzi za mabibi zetu watu wamekaa ukumbini, taa katikati, wakichambua mpaka saa saba, saa nane za usiku. Hadithi zipo, nyimbo zipo, kahawa ya tangawizi inapita. Mimi nimekulia humo, na katika mambo yote ya msimu hakuna ninalolipenda kama ule mkusanyiko.

Lakini mtu huyohuyo aliyechambua mpaka saa nane, asubuhi anapanda mkarafuu. Mti mrefu, matawi yake mepesi kukatika. Kila mtu Pemba anamjua mtu aliyeanguka.

Ndiyo maana naandika leo. Nataka kueleza jambo nililolipata kwa Wachina kuhusu nguvu na mapumziko, ambalo limebadilisha namna tunavyoendesha msimu nyumbani kwetu. Madaktari wa Kichina si wageni visiwani. Wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu tangu 1964, wengi wao kutoka jimbo la Jiangsu, na huku Pemba wanakaa Mkoani, hospitali ya Abdalla Mzee. Nilimpeleka mama huko kwa ajili ya goti. Daktari alimtia sindano nyembamba chini ya goti, zile za tiba ya Kichina zisizo na dawa ndani, na wakati tunasubiri akamuuliza, kupitia kwa muuguzi: "Bi mkubwa, unalala saa ngapi?" Mama akajibu, "Mwanangu, msimu huu nalala kazi ikisha." Daktari akatikisa kichwa. Akasema sindano haiwezi kulipa usiku.

Nilirudi nikaanza kusoma. Msingi wenyewe ni huu. Wachina wa kale waliigawa siku vipande kumi na viwili, kila kimoja saa mbili. Vipande viwili kati ya hivyo wanavihesabu kuwa vya kugeukia. Cha kwanza kinaanza saa tano ya usiku mpaka saa saba, katikati yake saa sita ya usiku, wanakiita zi. Cha pili kinaanza saa tano ya mchana mpaka saa saba, katikati yake saa sita ya mchana, wanakiita wu. Mchana ni wa yang: joto, mwendo, kazi. Usiku ni wa yin: ubaridi, utulivu, kujijenga upya. Saa sita ya mchana yang inafika kileleni, na papo hapo yin inaanza kuzaliwa. Saa sita ya usiku ni kinyume chake. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa sana hapo, kwa sababu maji yakijaa pomoni ndipo yanapoanza kutoka.

Kwa hiyo wanashauri mambo mawili: usiku uwe umeshalala kabla ya ile saa sita, na mchana ujinyooshe kidogo kwenye saa sita nyingine. Usiku usingizi mzito, mchana usingizi mwepesi, robo saa au nusu saa, usizidi. Ukizidi unaamka kichwa kizito na usiku usingizi unakukimbia.

Kinachonigusa hapo ni mpangilio wake. Sisi tumezoea kupumzika tukishachoka. Tunafanya kazi mpaka mwili ugome, ndipo tunalala. Wao wanasema pumziko lina saa yake, iwe umechoka au hujachoka, kwa sababu mwili unageuka saa hiyo utake usitake. Na ukitazama vizuri, dini yetu imetupa jambo hilohilo. Kailula, usingizi mfupi wa mchana, ni sunna, na Adhuhuri inatuita kuacha kazi jua likiwa ndiyo kwanza limepinduka. Wazee wetu waliswali, wakala, wakajinyoosha kwenye jamvi. Ni sisi tulioiondoa kailula tukaona ni uvivu, hasa kwa wanawake. Mwanamke wa Pemba akionekana amelala mchana, atasemwa. Hili linaniuma kweli, na natamani kila anayesoma hapa aanze kwa mama yake: amwache alale nusu saa baada ya Adhuhuri, na vyombo vioshwe na mtu mwingine.

Shambani tumefanya hivi. Wachumaji wanateremka kabla ya Adhuhuri, wanaswali, wanakula, wanalala kivulini. Wanaporudi mtini, jua limeshapungua ukali. Kuchambua kunaanza baada ya Alasiri kwa zile za asubuhi, hatungoji za jioni. Saa nne ya usiku taa inazimwa. Zilizobaki tunazitandaza nyembamba kwenye majamvi chini ya paa, zisipande joto, tunazimaliza baada ya sala ya Alfajiri vidole vikiwa vyepesi. Ami yangu alisema tutapoteza karafuu. Sikubishana naye, nilimwonyesha zilivyokauka. Siku tatu au nne za jua zuri, rangi nyekundu ya hudhurungi, makonyo pembeni.

Kahawa ya tangawizi nayo imehama. Wachina wana msemo wa zamani: ukipanda kitandani kula figili, ukishuka kitandani kula tangawizi. Tangawizi inaamsha, inasukuma joto juu, kwa hiyo ni ya asubuhi. Usiku tunakunywa maji ya moto matupu au mchaichai. Vijana walinung'unika mwanzoni. Sasa wenyewe ndio wanaoulizia mchaichai.

Jambo jingine lilinifurahisha sana kulijua: karafuu yetu imo kwenye dawa zao tangu kale. Wanaihesabu kuwa ya joto, inayopasha tumbo lililoingia baridi, inayotuliza kwikwi na kutapika. Zama za ufalme wa Han maofisa waliweka karafuu mdomoni kabla ya kuzungumza na mfalme, pumzi zao zisimkere. Na huu mgawanyo wa joto na baridi mbona tunao! Mwanamke aliyejifungua hapa hapewi cha baridi, anapewa mchuzi wa pilipili manga. Nikimweleza mama habari za yin na yang, yeye ananiambia hayo alikwishayasikia kwa bibi yake, ila bila sindano.

Si kila kitu chao ninakichukua kilivyo. Kitabu chao cha kale cha tiba, Huangdi Neijing, kinaelekeza ulale na kuamka kufuatana na majira manne: baridi ikija lala mapema na usiamke mpaka jua litoke. Hiyo ni kwa nchi yenye majira ya baridi kali na usiku mrefu. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, mchana na usiku vinalingana karibu mwaka mzima, na Alfajiri haitusubiri jua. Mimi nafuata pepo zetu. Kaskazi, Disemba mpaka Machi, joto linanyonya maji mwilini. Hapo kailula ni lazima, na kazi nzito naipeleka asubuhi na jioni. Masika unyevu unaingia kila mahali. Wachina wanasema unyevu unalemea wengu, na mtu anahisi mwili mzito, hamu ya kula hana. Kipindi hicho napunguza sukari, vya kukaanga na soda za baridi, nakunywa supu ya moto. Kusi likivuma usingizi wenyewe unakuja mapema, na sioni haja ya kuupinga kwa simu.

Kabla ya kulala natia miguu kwenye beseni la maji ya moto. Hilo ni lao. Ukufi wa makonyo ninaotia ndani ya maji ni wangu mimi. Halafu nabonyeza pale daktari alipomtia mama sindano: vidole vinne chini ya pia ya goti, upande wa nje, kidole kimoja kutoka kwenye mfupa wa ugoko. Wanapaita zusanli, na kwao ni mahali pa kuongeza nguvu ya tumbo na ya mwili mzima. Nabonyeza kwa kidole gumba, polepole, mpaka pafe ganzi kidogo. Uchovu usiokwisha hata ukilala vizuri upeleke kupimwa damu na presha. Usiutibu kwa beseni.

Mdogo wangu ananiuliza kila nikianza maneno haya: na sisi wavuvi wa dagaa je? Wao wanatoka na taa usiku wa giza, saa sita yao iko baharini. Swali lake ni la haki. Namwambia kwamba kwake ile saa sita ya mchana ndiyo nguzo, na asiilale kwa robo saa kama mimi. Ailale kweli, chumba kiwe na giza, watoto wapelekwe kwa jirani. Akirudi alfajiri ale kitu cha moto na chepesi, uji au muhogo wa nazi, asishindilie wali na kulala juu yake. Na mbalamwezi ikija, taa za dagaa zikiwa hazina kazi, zile siku asizigeuze kuwa za ujenzi wa nyumba na safari za Chake. Alale kabla ya saa tano, usiku baada ya usiku, mpaka giza lirudi. Mwezi uliopita alifanya hivyo, na mkewe ndiye aliyenipigia simu kunishukuru.