Jinsi nilivyopata usingizi wa mchana bila kuikosa familia

Wauguzi wapya wenye watoto wadogo mtaitambua hali hii. Natoka zamu ya usiku, nalala vipande vipande, mtoto anagonga mlango, mume wangu anauliza jambo dogo, jioni naamka na kichwa kizito na hasira za bure. Siku za mapumziko zikaishia kitandani.

Nilijaribu kuziba masikio, kisha kubadilishana zamu na wenzangu. Nafuu kidogo tu, na zamu ya kuazima lazima uirudishe, mara nyingi wikendi.

Kilichofanya kazi ni ratiba ya ukutani. Ya zamu ilikuwepo tangu mwanzo. Sasa naandika saa za kulala. Nikitoka kazini saa moja asubuhi, naandika kwa nyekundu "Mama analala, saa tatu hadi saa tisa", na chini yake kwa kijani "Mama yupo, saa kumi". Hicho kijani ndicho kilichobadilisha mambo. Mtoto hakuuchukia usingizi wangu, alitaka kujua utaisha lini. Kama hajui kusoma, mchoree saa yenye mishale.

Ratiba ya mwezi ikitoka tu, tunaijaza pamoja na mume wangu kabla sijakubali zamu yoyote ya ziada. Chumba kiwe giza kabisa, maana mwanga huuambia mwili uamke. Kahawa nayo iachwe muda wa saa sita hivi kabla ya kulala, kwa sababu kafeini hukawia mwilini. Simu ibaki sebuleni kwa aliye macho.